Ushawishi wa Mama Zablon

Neno ushawishi silipendi, na nitasema kwa nini. Kwetu Makutupora hatukuwa nalo mdomoni. Jirani yangu Yudith, ambaye wote tulimwita Mama Zablon, tulisema tu kwamba anasikilizwa. Akiita watu waje kumlimia kwa pombe, walikuja hata walokole wasioonja pombe, naye akawawekea togwa yao pembeni. Walikuja kwa sababu yeye hakuwahi kukosa shambani kwa mwenzake, hata akiwa na mimba kubwa. Basi, hakuna kingine.

Neno lenyewe alituletea Fabian. Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia na kila mwenye viatu vya kung'aa ni mnunuzi. Fabian alikuwa wakala wa kampuni moja ya mvinyo ya Dar es Salaam, kapanga chumba cha ofisi pale senta. Akaja kwa Mama Zablon na kanga ya zawadi mkononi.

"Shikamoo mama. Nasikia una ushawishi mkubwa hapa."

"Marahaba. Nina nini?"

"Ushawishi, mama. Ukisema, watu wanafuata. Waambie wasimuuzie tena Bartolomayo na pikapu yake mbovu. Sisi tutaleta lori, tutachukua zabibu zote kwa mkupuo."

"Na lisipokuja?"

"Mama, niangalie. Mimi si mwanao?"

Mwanao! Hata leo nikikumbuka natamani kutema mate.

Mama Zablon akazunguka nyumba kwa nyumba. Bartolomayo, mchuuzi aliyezoea kununua zabibu zetu, tukamwambia aende zake, akaenda kununua vijiji vingine. Kisha Fabian akatuma habari: lori linaingia kesho, kateni. Tukakata. Zabibu ikiwa mtini inakuvumilia, lakini ukishaikata, kama haina mnunuzi ni ya kuoza. Tulijaza matenga, tukayafunika majani, tukakaa barabarani kutazama vumbi. Lori halikuja siku hiyo wala kesho yake. Waliokuja ni nyigu.

Mama Zablon akaenda ofisini, nami nikamsindikiza. Tulimkuta Fabian anakunywa chai.

"Kiwanda kimejaa, mama. Wamenunua kwingine."

"Waambie wakubwa zako wachukue japo nusu. Wewe ndiye uliyetuambia tukate."

"Mimi wakala tu. Kule juu sina ushawishi wowote."

Nilitaka kumrushia kile kikombe. Yaani wakati wa kutudanganya ushawishi upo tele, wakati wa hasara hakuna mwenye nao! Njiani Mama Zablon alilia kwa hasira, na kilichomliza si zabibu zake. "Nitawatazamaje watu?" alikuwa akirudia. Paulina, shoga yake wa siku zote, alishaacha kumsalimia.

Asubuhi akaanza tena nyumba kwa nyumba, akianzia kwa huyo huyo Paulina. Kwangu alisema maneno machache tu: "Nimewaponza. Lete zako zilizooza, twende." Nilidhani watu watamfukuza. Wakatoka na ndoo, madebe, na matenga yanayochuruzika mpaka mgongoni. Paulina naye akatoka, tenga kichwani, uso kaugeuzia kando. Tukamwaga kwenye kizingiti cha Fabian mpaka mlango haukufungika tena. Maji ya zabibu yaliingia ndani hadi chini ya meza, na nzi nyuma yake.

"Nani amewashawishi kufanya upuuzi huu?" alifoka, kasimama juu ya kiti.

Mama Zablon alimwaga ndoo yake, akatandaza ile kanga juu ya lundo.

"Mimi," akasema. "Si uliniambia ninao?"

Fabian alihama wiki hiyo hiyo. Sisi mavuno yetu yalikuwa yameshapotea, na hakuna aliyetufidia hata kwa pole.

Msimu wa kulima ulipofika, Mama Zablon alipika pombe kidogo tu, maana hakuamini kama kuna atakayekuja. Nilipofika shambani kwake nilimkuta Paulina amenitangulia. Hakuwa amemsalimia mwenye shamba. Alikuwa ameinama, analima.