Nyumba ya Wanawake Wawili

Mwezi uliopita nilikwenda Kamunyonge, Musoma, kumzika mwanamke aliyenizaa. Watu wazima watatu walikuwa wakimlilia mama yao. Mmoja akanisogelea kwa adabu. "Samahani, shangazi, marehemu alikuwa nani wako?" Nikasema tuliwahi kuwa majirani. Wewe ndugu unayenisikiliza, ngoja nikueleze kwa nini.

Nilizaliwa Nyamuswa enzi za Mwingereza, katika nyumba isiyo na mwanamume. Bibi hakujaliwa mtoto. Alipofiwa na mumewe alitoa ng'ombe, akaoa msichana amzalie watoto wa nyumba yake kwa mwanamume wa nje, asiyehesabiwa kuwa baba. Kwetu hiyo ilikuwa ndoa halali, wala hakuna aliyecheka. Msichana huyo ndiye mama.

Asubuhi mama alikuwa akisaga ulezi, na bibi kando yake akitikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi ishike. Siku za gulio tulikula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na bibi alimchagulia mama walionona. "Mimi meno yangu yamestaafu," alikuwa akisema. Alimsuka nywele, akimwimbia kama mtoto. Nikadhani watu wote hupendana hivyo.

Msimu mmoja wa pamba akaja fundi baiskeli kutoka Musoma. Mama akaanza kuchelewa kurudi kutoka gulioni. Nilikuwa na miaka saba asubuhi ile aliposimama uani na kifurushi chake.

"Nimekukosea nini?" bibi akauliza.

"Hujanikosea, mama. Umenipendaga kuliko aliyenizaa. Lakini hapa nililetwa. Yule nimemchagua mwenyewe."

Bibi akanitazama. "Mtoto ni wa nyumba hii."

"Najua."

Nilingoja mama anililie, aombe aende na mimi. Alinifunga vizuri kanga begani, akasema, "Msikilize bibi yako," akaondoka.

Wazee wa ukoo walimshauri bibi adai ng'ombe wake. Akakataa. "Nilitoa ng'ombe nipate mtoto. Huyu hapa. Moyo wa mwenzangu sikuutolea kitu."

Lakini hakutikisa kibuyu tena. Maziwa yaliharibika, akawamwagia mbwa. Chakula alinipakulia mimi tu, akakaa akiangalia njia ya Bunda, aliyoondokea mama. Kabla ya pamba nyingine kufunguka, tulimzika. Jirani akanichukua.

Musoma haikuwa mbali. Mama hakuja. Na mimi, nilipokua na kupata nauli, sikwenda. Nikaolewa, nikaachika. Kila aliyeniambia ananipenda, nilimsubiri aondoke, na kweli aliondoka.

Siku hizi pale Nyamuswa pamelimwa mahindi, na vijana ukiwatajia nyumba yetu wanakutazama tu. Ningekuwa na wa kumchukia, ningepumzika. Sina. Bibi alipenda kweli, mama naye alipenda kweli, na hakuna kati yao aliyekuwa mbaya. Nimezeeka nikitafuta kosa lilikuwa wapi, na sijaliona.