Mkwe Wangu na Ua Lililolala Kivulini

Hapana, hajaangusha kitu. Yule ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, mtunza bustani wa zahanati hii mwaka wa tisa sasa. Hii saa sita mchana, na ni mara ya saba namwona akichuchumaa palepale chini ya mti.

Pale amepanda ua la msituni. Jua halilitaki kabisa. Alilifuata mwenyewe, msitu ulipoanza kukatwa, akarudi na kiazi chake kimoja, shina lake la chini ya ardhi, kwenye kitambaa. Likachanua miaka minne, jeupe, mpaka wagonjwa wanasahau foleni.

Sasa, kiangazi hukauka lote, likalala chini. Mvua ikinyesha, linaamka. Mwaka jana akashindwa kungoja, akafukua kwa kidole aone kama li hai. Chipukizi kach! Likakatika. Hatukuona ua. Mwaka huu ameapa haligusi, akalifunika majani makavu mara mbili. Mvua ina wiki tatu, kimya.

Na kesho mafundi wanamwaga zege pale, pikipiki zipate pa kukaa. Mganga mkuu alimwambia, "Mama, nioneshe hata jani moja, niwarudishe."

Ndiyo maana nimemkalia jembe lake dogo.

"Baba, naomba jembe."

"Jembe lipi?"

"Hilo ulilolikalia."

"Mimi nikisimama sirudi chini, mwanangu."

"Nafukua kidogo tu."

"Hata mwaka jana ilikuwa kidogo tu."

Akaenda bombani, akarudi. Mke wangu, aliyetuletea chakula, keshapakua benchini. "We mtoto, kaa ule! Ua likitoka lisikukute umekonda."

Hakukaa. Akapiga magoti, akaanza kuondoa majani, moja moja, kwa ncha za vidole. Mvua ilikuwa imeyagandisha kama mkeka. La chini kabisa likainuka.

"Baba."

Chipukizi, limepauka, limejikunja kama kidole, linatafuta pa kutokea.

"Kumbe mimi ndiye niliyelikalia, kwa majani yangu," akasema, machozi na kicheko pamoja. "Mwakani naweka majani nusu. Likizaa kiazi cha pili, nakipanda kule nyuma ya maabara."

Mganga mkuu akaja, akachuchumaa na koti lake jeupe, akatazama weee. "Haya. Pikipiki zitakaa getini."

"Basi kaa na wewe," mke wangu akamwambia, akimsogezea sahani.

Nikasimama, nikampa mkwe wangu jembe lake. Akaliweka chini ya benchi, akanawa, akakaa. Chakula kilikuwa kimepoa. Tukala.