Shujaa Asiyejua Kusalimia

Likizo ile binamu yangu alishuka Garissa kutoka Nairobi na mashine ya gemu ndani ya begi, pamoja na kiburi ambacho hakikuenea kwenye begi. Kaseti ilikuwa moja tu.

"Hii si ya kupiga-piga ovyo, maze," akatutangazia. "Hapa unaingia ndani ya mtu. Unakuwa yeye."

Nikadhani tutaingia sote. Wapi! Aliingia peke yake. Mimi nilipewa jalada la atlasi nipepee mashine, maana joto letu likiipata inaganda kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nilichotaka ni kushika pedi ya kuchezea, hata dakika kumi, kabla basi la Jumamosi halijaondoka nayo.

"Wewe hujui levels," alinijibu.

Kwake, kuwa mtu ni namba. Siku tatu nzima shujaa wake, mwenye upanga na nywele za manjano, alizunguka kichaka kimoja akiua vyura ambao hawakuwa wamemkosea. Chura akifa, namba inapanda. Namba zilipomtosha akaenda kugonga lango la ngome ya jangwani. Lango kimya. Akarudi kwa vyura.

Alhamisi alasiri akaja Abti, mjomba wetu anayefuga ngamia upande wa Elwak, akakaa mkekani na chai yake kutazama. Alimsemesha binamu kwa Kiswahili, kwa sababu Kisomali cha binamu kilitosha kuombea sukari tu.

"Huyu kijana ni wa ukoo gani?"

"Hana ukoo, Abti. Ni shujaa."

"Hana ukoo, na anataka afunguliwe mlango! Na yule mzee wa kisimani, hapo kwenye TV, amemsalimia?"

"Siku ya kwanza. Anasema jua ni kali, basi. Ni pambo tu."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Abti aliweka kikombe chini kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Waryaa, mpe mwenzako hicho kitu. Wewe hujui kusafiri."

Binamu alinipa pedi kwa vidole viwili. "Lango likifunguka, ni yako mpaka Jumamosi. Lisipofunguka, utapepea bila kupumzika."

Nikamsimamisha shujaa mbele ya mzee. Jua ni kali, akasema mzee.

"Muulize mifugo," Abti akaamuru.

Jua ni kali.

"Muulize mvua. Muulize watoto."

Kitufe kilikuwa kimoja kwa maswali yote, lakini nilikibonyeza kwa heshima. Mara ya nne mzee akalainika: kwa kuwa mgeni ana subira, ufunguo uko chini ya ndoo.

Lango likafunguka. Ndani, nge mkubwa kama lori la maji la Dadaab.

"Piga! Piga!" binamu akapiga kelele.

"Msalimie kwanza," akasema Abti.

Nikasalimia. Nge akala nusu ya uhai wangu.

"Huyo hana watu wake," Abti akaamua, akarudia chai. "Sasa piga."

Nikapiga mpaka akalala chali. Zile namba za vyura zilinisaidia sana, ila hilo sikulisema, wala silisemi mbele ya binamu hadi leo. Nilimnyooshea jalada la atlasi tu.

Mpaka Jumamosi alinipepea vibaya, walaahi. Hana levels.