Kikundi cha Chai

Mdogo wangu alitapika damu asubuhi moja nyumbani kwetu Lupaso, mbele ya mama, jembe likiwa bado begani. Hospitali ya Masasi walimlaza. Siku ya kumtoa, daktari aliniita pembeni akaniambia ini limeharibika, na akirudia pombe hatafika mbali.

"Sasa anaachaje?" nikamuuliza.

Daktari alinikabidhi cheti. "Aache tu, Mwalimu."

Aache tu! Sisi wenyewe tulikuwa tumelisema neno hilo miaka yote. Padri alikwisha kumwombea. Wajomba walikwisha kumfungia chumbani, akatokea dirishani. Mkewe alikwisha kurudi kwao na watoto.

Nilimchukua nikakaa naye Mnyambe, ninakofundisha. Shuleni nilisema ana vidonda vya tumbo. Nilipokwenda Newala kumfuatia dawa, muuguzi alisoma cheti chake, akainuka kufunga mlango.

"Kuna watu wanakutana Jumamosi mchana, chumba cha nyuma pale kanisani," alisema kwa sauti ya chini. "Ukifika usiulize walevi. Uliza kikundi cha chai."

Jumamosi ile tulikuta chumba hakina watu, ila mabenchi ya watoto wa shule ya Jumapili na mama mmoja mnene anamimina chai kutoka kwenye chupa.

"Shikamoo, mama," mdogo wangu akasema.

"Marahaba, baba. Kaeni. Wenzetu wako kwenye foleni ya maji, bomba limefunguliwa leo."

Walifika mmoja mmoja, wakaziacha ndoo zao mlangoni. Hawakuzidi watu wa kujaza mabenchi mawili. Fundi cherehani mmoja wa makamo ndiye aliyeanza: "Mimi ni mlevi. Leo sijanywa." Yule mama akafuata. Alikuwa akipika nipa, ile pombe kali ya mabibo ya mikorosho, akiionja kila chupa kabla ya kuuza, mpaka siku moja mwanawe mdogo akaungua jikoni yeye amelala. Alisema hivyo tu, akaendelea kugawa vikombe.

Mdogo wangu hakufungua mdomo siku ile, wala Jumamosi zilizofuata. Nilikuwa nimeshakata tamaa alipoongea, akiangalia sakafu. "Nikiamka mikono inatetemeka. Vifungo vya shati nilikuwa nafungwa na mama. Mtu mzima mimi, nina watoto, nafungwa vifungo na mama yangu."

Hakuna aliyempa pole. Fundi alisema, "Karibu," basi. Nilitoka nje, nikasimama karibu na zile ndoo mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Kisha msimu wa korosho ukaingia. Yule mama aliniuliza, "Kwenu nani anatengeneza uraka?"

Nilimwambia ukweli. Ni mama yetu mzazi. Kila msimu alikuwa akikamua mabibo na kuchachusha uraka, na ada zangu zote zilitoka humo. Tulikwenda Lupaso kumweleza. Alitusikiliza huku akichambua mboga.

"Mabibo niyafanye nini? Nikae nayaangalia yanaoza?"

"Tengeneza tu, mama," mdogo wangu akasema. "Mimi nitakaa Mnyambe."

Asubuhi tulimkuta mama nyuma ya nyumba, anachimba shimo peke yake. Mabibo ya msimu ule aliyafukia yote. Majirani walidhani anawasema wao wanaotengeneza uraka, wakaacha kupita kwetu.

Hata hivyo mdogo wangu alikunywa. Alikwenda Lupaso kumsaidia mama kuokota korosho, na uraka ulikuwa kila nyumba. Alirudi Mnyambe macho mekundu, akalala barazani, hakutaka kuingia ndani. Jumamosi alitangulia Newala bila kuniambia. Nilipofika nilimkuta amesimama mlangoni.

"Nimekunywa," aliwaambia.

"Kaa," fundi akasema. "Chai hiyo hapo."

Baada ya hapo hakugusa tena. Lakini ini halikumngoja. Mvua zilipokolea tumbo lilivimba, miguu ikajaa, safari ya Newala ikamshinda. Wakawa wanakuja wao Mnyambe, na chupa yao ya chai wameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Siku za mwisho hakuweza kukaa. Walikuwa wakiketi kumzunguka kitandani, kila mmoja anasema leo hajanywa, na yeye anasema leo hajanywa.

Tulimzika Lupaso. Matangani mjomba mmoja alisema kwa sauti, "Pombe imetumalizia kijana."

Mama aliinuka. "Mwanangu alikuwa hanywi! Mseme yote mtakayo, lakini amekufa hanywi."

Wale wa Newala walikuwa wamekaa mwisho wa mkeka, hawajulikani na mtu. Yule mama mnene alikuwa nyuma anaosha sahani na wanawake wa kwetu. Jioni walituaga, wakaondoka na gari la mwisho kwenda Masasi, ili waunganishe la Newala.

Mama aliniuliza ni akina nani. Nikamweleza yote, na chumba wanachokutania.

"Kikundi chao kimeanza juzi juzi?"

"Hapana, mama. Kina miaka mingi."

Alijifunika khanga kichwani, akageukia ukutani. Nilikaa karibu naye. "Miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tunamfungia chumbani," alisema.