Mashati 214 Yasiyo na Majina

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Katika chumba cha kufulia cha shule moja ya bweni, mwanamke wa miaka hamsini na saba amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani puani, simu mkononi. Nyuma yake, mlima wa mashati meupe unamsubiri kwa adabu.

"Tembo, ndizi, ndizi, tembo," ananong'ona.

Simu inapiga vigelegele. Bi Ukosi, kama wanafunzi wanavyomwita, amevuka ngazi ya mia moja na kumi na mbili.

Anaizima, anaifunga kwenye kitambaa na kuanza kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita: kufua, kupiga pasi na kumrudishia kila mwanafunzi shati lake. Kwa wiki ni mashati mia mbili na kumi na manne. Yote meupe, yote yameshonwa na fundi mmoja, na hakuna hata moja lenye jina.

"Zamani tuliandika kwa wino," anasema. "Nikitia dawa ya weupe, jina linahama. Linakwenda kukaa kwenye shati la jirani."

Basi akajifunza kusoma kosi za mashati, na hapo ndipo alipopata jina lake.

"Huyu hutafuna ukosi akifanya hesabu," anasema akiinua shati moja. "Huyu huegemea kiwiko cha kushoto akisinzia darasani. Na huyu..." Analigeuza, analinusa. "Huyu hudai anaoga."

Kwa miaka ishirini na mitano hakukosea. Kisha, mwaka jana, ikaja Jumatatu ambayo historia ya shule haitaisahau. Kiranja mkuu, kijana mrefu kama mlingoti, alisimama mbele ya shule nzima na kuinua mkono ili aongoze wimbo. Shati likaufuata mkono, na kitovu chake kikahudhuria mkutano bila mwaliko.

Shati lilikuwa la Kisoda, mwanafunzi mdogo kuliko wote. Naye Kisoda alikuwa mstari wa mbele, amesimama wima ndani ya kitu kilichofanana na hema.

Shule ilicheka mpaka kengele ya pili. Bi Ukosi hakucheka.

"Mama yangu alianza hivyohivyo," anasema, pasi ikitulia mkononi. "Alianza kwa kuchanganya vikombe, akaja kuchanganya watoto. Mwisho akawa ananiita 'wewe mpita njia', na mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Mashati yaliendelea kupotea njia. Matroni, ambaye ndiye mkubwa wake wa kazi, alimpa hadi mwisho wa muhula.

"Dada, nakupenda," alimwambia, "lakini wazazi wananipigia simu."

Kama hali isingebadilika, kazi ingepewa kampuni yenye mashine.

Dada wa mumewe ndiye aliyeleta dawa. "Wifi, akili ni nywele," alisema, "lakini hata nywele huchanwa." Akamwekea kwenye simu mchezo wa kunoa ubongo.

Mchezo huo ulikuwa umeenea shuleni kama mafua. Mpishi aliucheza, mlinzi wa lango aliucheza, na inasemekana mwalimu wa hesabu aliucheza, ila matokeo yake hayajatangazwa. Ahadi yake ni moja: robo saa kwa siku, na kumbukumbu itarudi kuwa kali kama wembe.

Baada ya wiki tatu, simu ilimtangazia Bi Ukosi kwamba ubongo wake una umri wa miaka thelathini na mmoja.

"Nilitaka kuolewa upya," anasema na kucheka.

Lakini wiki hiyohiyo matroni aliletewa malalamiko ya mashati mawili yaliyokwenda kwa migongo isiyo yake. "Kwenye simu nilikuwa malkia," anasema. "Kwenye kamba ya nguo nilikuwa mgeni."

Alimficha mumewe hofu hiyo kwa miezi miwili. Hatimaye akakumbuka kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda zahanati, simu mkononi kama kielelezo cha mahakamani.

Daktari, kijana mpole, alimtajia maneno matano ayakumbuke, kisha akautazama mchezo.

"Mama, mchezo huu utakufanya hodari wa kitu kimoja."

"Kipi, mwanangu?"

"Mchezo huu."

Alimweleza kwamba wataalamu bado wanavutana. Wapo wanaoona faida ndogo, na wapo wanaosema ujuzi wote unabaki palepale kwenye kioo cha simu. Yeye mwenyewe hakutaka kuapa. Akamwomba acheze kidogo.

Bi Ukosi akaipeleka simu mbali na macho, mkono wote umenyooka, kama mtu anayekwepa mafuta ya kikaango. Daktari akatabasamu, akamsogezea boksi la dawa.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Pana sisimizi."

"Na yale maneno matano?"

Aliyataja yote kwa mpangilio, akaongeza na rangi ya vifungo vya nesi aliyempokea.

"Akili yako haijaenda popote, Mama," daktari alisema. "Macho ndiyo yamestaafu bila kukuaga."

Tembo wa kwenye simu ni mkubwa kama kidole gumba. Alama ya jino kwenye ukosi ni ndogo kama punje ya ulezi.

Miwani ilimgharimu theluthi ya mshahara wa mwezi. Mumewe alichangia nusu bila kuombwa, na lawama za kufichwa akazitoa bure.

Jumatatu ya kwanza na miwani, Bi Ukosi alisoma mashati, na mashati yakamwambia jambo asilolitegemea. Karibu arobaini yalikuwa yamevaliwa na watu wawili, hata watatu. Lakini kwenye daftari la matroni, malalamiko yalikuwa manne tu. Shati la Kisoda lilikuwa limepasuka kwapani na kushonwa kwa uzi mweusi, mishono kama tandu mgonjwa.

Alimwita Kisoda.

"Nani kashona hapa?"

"Kiranja mkuu, Mama."

"Kwa uzi mweusi?"

"Ndio uliokuwapo."

"Na mbona hamkuniambia kama nachanganya mengi hivi?"

Kisoda alitazama viatu vyake. "Tulisema ukijua utaondoka."

Hapo ndipo siri ilipotoka. Tangu Jumatatu ile ya kitovu, kila Jumamosi nyuma ya bweni kulifunguliwa soko la kubadilishana mashati, kiranja mkuu akiwa mwenyekiti. Asiyelipata lake alivaa lolote na kufunga mdomo.

"Nilikaa kwenye ndoo hiihii nikalia," anasema. "Watoto wanaonifichia sabuni kila siku!"

Muhula ule umekwisha, kazi yake ipo, na kwa wiki saba hakuna shati lililopotea. Mchezo bado anaucheza. "Haukuninoa," anasema, "lakini naushukuru. Ungeniambia nimeshindwa, ningejifungia ndani. Uliponisifu, nikapata ujasiri wa kwenda kuuliza."

Kila mwaka atarudi kupimwa macho na kumbukumbu. Baada ya miaka mitatu anapanga kustaafu, mwaka uleule Kisoda atakapomaliza shule, na shati lile ameshaliomba. Ule uzi mweusi amekataa kuufumua.

"Nitalitundika ukutani," anasema huku akilikunja taratibu. "Siku nikianza kusahau kweli, wanionyeshe hilo. Nikiwasahau wote, angalau nijue kuna watu walionipenda."