Nyumba ya Magurudumu ya Mama Mkwe

Juzi nilisimama kwenye duka la vipuri mjini, nyuma ya mume na mke kutoka mtaa wa Bel-Air. Walikuwa wakimweleza muuzaji kwamba wamenunua gari-nyumba la mzungu aliyerudi kwao, wakaliegesha uani ili mama yake mke apate pa kulala anapokuja kuwatembelea. Mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, na hilo halina mjadala. Shida ni kwamba ua una mteremko, na mvua ikinyesha gari linainama upande.

Muuzaji akaweka jeki za mkono mezani. "Citoyen, hizi ziko na nguvu. Unaingia chini, unazungusha, nyumba inakaa sawa."

Bwana akaficha mikono nyuma. "Niingie chini ya kitanda ya mama-buko, na yeye iko analala juu? Hapana. Unipe ile ya automatique, ya kufinya butoni."

"Iko muzuri," alisema muuzaji. "Butoni tunaifunga ndani, pembeni ya kitanda."

Bwana akarudi nyuma hatua moja; sasa ingembidi aingie hadi kitandani kwa mkwewe. Nadhani wahandisi waliobuni mtambo huo wote walioa mayatima.

Mke akachukua mpini wa jeki, akaupima uzito mkononi.

"Utupe hizi za mukono," alimwambia muuzaji. "Mama atazungusha yeye mwenyewe. Gari haikuoa mutoto wake."