Babu yangu alimchoma mkwewe, nasi tukakua tukimwita shujaa

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa na wadogo. Haya niliyasikia kwa masikio yangu na sijayatia chumvi. Majina sitataja.

Nasoma shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inahusu kinachowavuta watu kwenye makundi ya itikadi kali yanayoua. Sura ya pili nilishaimaliza: umaskini, ukosefu wa elimu, ukosefu wa ajira. Msimamizi wangu aliisifu. Leo nikiisoma naona aibu.

Likizo nilikwenda Goweko kwa babu mzaa baba, mwenye miaka tisini na ushei. Tumekua tukiambiwa kwamba wakati wa Mwingereza "alipigana na mkoloni". Nikaona nimhoji, nipate mfano wa kupamba utangulizi.

Alieleza hivi. Serikali iliamuru watu wa vijiji vya porini wahamie makazi mapya kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Babu, kijana aliyekuwa ameoa mwaka huo, akakataa kuacha shamba lake. Akafikishwa kwenye baraza la mtemi, akahukumiwa viboko.

Kwa wasiojua mila zetu za zamani: mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Hawaitani majina. Siku ile karani wa baraza aliwakataza wanawake kugeuza nyuso. Babu akavuliwa nguo, akachapwa, mkwewe akiwa mstari wa mbele.

"Wangeniua ningeshukuru," babu alisema.

Mkewe akarudi kwao. Rafiki zake wakawa wanaongea naye wakitazama chini. Sasa kulikuwa na vijana waliojificha katika pori la kuelekea Igalula, wakichoma nyumba za waliokubali kuhama. Mkubwa wao alimtafuta babu, akamnawisha mikono, wakala sahani moja.

"Hakunihubiria siasa yoyote. Aliniambia, 'Ndugu yangu, wewe bado mwanamume.' Wewe mwenye vitabu, umewahi kuambiwa neno unalolihitaji kuliko chakula?"

Nikainamia daftari langu. Nilikuwa nikiwaza neno hilo niliweke chini ya nadharia ipi. Ndivyo nilivyo.

Haukupita mwezi, wakavamia makazi mapya mchana, watu wakiwa mashambani. Walidhani nyumba ni tupu. Babu alipoitia moto nyumba ya tatu, akasikia kikohozi ndani. Kisha akasikia jina lake. Alikuwa mkwewe, mgonjwa, hawezi kuinuka, amemwona kupitia mlangoni. Mwanamke ambaye hakuwahi kulitamka jina lile, alilitamka mara nne.

"Nikasimama mlangoni," babu alisema. "Chumba cha mkwe hakiingiliwi."

"Babu, nyumba ilikuwa inaungua."

"Mila ni mila, mjukuu wangu. Niliheshimu."

Wakuu, hasira iliyonipanda pale haijashuka hadi leo. Mtu anachoma nyumba, halafu akifika mlangoni anakumbuka adabu.

Nikamuuliza kama bibi anajua. Bibi ni mkewe yuleyule. Alimrudia baada ya matanga ya mama yake.

"Anajua walichoma vijana wa porini, hajui kwamba nilikuwemo. Usinivunjie nyumba yangu. Kwenye kitabu chako andika nilipigana na Mwingereza."

Nyumba yake!

Nilizunguka uani karibu nusu saa nikipima: ukweli utamfaa nini bibi katika umri ule, na mimi hapa ni mtafiti au ni mjukuu. Mwishowe nikamwendea bibi, aliyekuwa akipeta mchele, nikamweleza yote.

Aliendelea kupeta. Kisha akauliza, "Mama aliita mara ngapi, umesema?"

"Nne, bibi."

Akaweka ungo chini. "Na mimi miaka yote hii namtengea maji ya kuoga." Akaingia ndani, akatoka na furushi la kanga. "Nipeleke Isevya kwa shangazi yako."

Babu alikuwa barazani. "Mama watoto, safari ya wapi saa hizi?"

Bibi akampita kama anavyopita mti.

Sura ya pili nimeifuta. Funzo nililolipata ni hili: karani alimvua babu utu wake hadharani, na mkubwa wa lile kundi akamrudishia kwa masharti. Wanaotafuta watu wa kuwatuma kuua huanza kwa kutafuta waliofedheheshwa. Lakini msiyatumie maelezo haya kumsamehe. Karani hakuwepo pale mlangoni, wala mkubwa wao. Alikuwepo yeye, na aliitwa kwa jina.

Mwenye mzee wa namna hii kwao aseme hapa: ulimhoji, au ulimwacha afe na sifa zake? Matusi pia napokea, ndugu zangu wameshatangulia kunitukana.